Kunde ina vinundu, soya haina: jinsi bakteria wa mizizini wanavyofuata ishara za mmea

Swali: "Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya upili huku Kisauni. Kwenye shamba la shule tulipanda kunde na soya, matuta yameandamana. Wiki ya sita tukang'oa michache tuone mizizi. Kunde ilikuwa na vinundu tele, ndani vyekundu. Soya nyingi haikuwa na hata kimoja, na miche miwili mitatu ilikuwa na vinundu vidogo vyeupe. Wanafunzi wakaniuliza: udongo ni ule ule na bakteria ni wale wale, mbona kunde ipate na soya ikose? Mimi nami najiuliza, bakteria anayeishi udongoni anajuaje kwamba sasa yumo ndani ya mmea, hata abadilishe maisha yake? Na nikinunua unga wa bakteria wa kupaka mbegu, nifanyeje usife kwa joto la hapa?"

Jibu:

Mwalimu, waambie wanafunzi kwamba bakteria si wale wale, na hata wangekuwa wale wale wasingefanya kazi sawa katika mimea miwili tofauti. Rizobia, yaani bakteria wa vinundu anayeupa mmea nitrojeni ya hewa, haingii mzizini na ratiba moja akaifuata mpaka mwisho. Kila hatua anasubiri ishara ya mmea. Ikifika, anawasha jeni za hatua hiyo. Isipofika, kazi inakomea hapo. Soya zako zimekwama mahali pawili. Zile zisizo na kinundu zimekwama nje ya mzizi, na zile zenye vinundu vyeupe zimekwama ndani, baada ya bakteria kukubaliwa kuingia. Hizo ni hitilafu mbili, na kila moja ina dawa yake.

Anayeanza ni mmea. Mzizi mchanga wa mkunde hutoa flavonoidi, jamii ile ile ya kemikali inayoyapa maua mengi rangi. Soya hutoa hasa genisteini na daidzeini. Luseni, ile ya kulishia ng'ombe, hutoa luteolini. Flavonoidi ikipenya ndani ya bakteria inakutana na protini iitwayo NodD, ambayo muda wote imeshika DNA mbele ya jeni za kundi la nod bila kufanya lolote. Flavonoidi inayolingana nayo inaiamsha, na jeni zile zinaanza kusomwa. Isiyolingana haiamshi kitu, na zipo zinazoizuia kabisa. Hapo ndipo mchujo wa kwanza unapofanyika, na mmea na bakteria hawajagusana bado.

Jeni za nod zikisomwa, bakteria anatengeneza jibu lake, ishara ya Nod. Ni uti wa sukari nne au tano za aina inayounda kitini (ganda la kamba na wadudu), wenye mkia wa asidi ya mafuta upande mmoja na vipambo vidogo huku na huku. Vipambo hivyo ndivyo vyenye neno. Mwaka 1990 watafiti wa Ufaransa walichambua ishara ya Nod ya rizobia wa luseni wakakuta imebandikwa salfeti mwishoni. Rizobia akinyang'anywa jeni ya kubandika salfeti, luseni haimtambui tena, lakini mkunde mwingine uitwao vechi, ambao kabla ya hapo haukuwa na habari naye, unampokea. Kibandiko kimoja kimebadilisha mwenyeji. Bradyrhizobium, rizobia wa soya, yeye haweki salfeti. Hubandika sukari iitwayo fukosi iliyoongezwa kikundi cha methili. Ni hodi ile ile, ila kila nyumba inafungua kwa sauti inayoijua.

Sauti hiyo hupokewa na protini mbili zilizo kwenye utando wa seli za vinyweleo vya mzizi, NFR1 na NFR5, zilizotambuliwa mwaka 2003 katika mmea wa utafiti uitwao Lotus japonicus. Nanomoli moja ya ishara katika lita inatosha kuziamsha, na mara nyingine hata chini ya hapo. Baada ya kama dakika kumi, kalsiamu ndani ya kiini cha seli inaanza kupanda na kushuka kwa mapigo. Protini nyingine inayasoma mapigo hayo na kuwasha jeni za kujenga kinundu. Kinyweleo kinajikunja na kumkumbatia bakteria, kisha kinajenga mfereji mwembamba wa kumpeleka ndani. Njugu karanga haina mfereji huo. Bakteria wake hupenya kwenye nyufa za pale mizizi ya pembeni inapochomoza. Kwa hiyo picha ya kitabuni ya kinyweleo kilichojikunja isiwe ndiyo picha ya mikunde yote.

Sasa rudi shambani. Kunde imelimwa Afrika kwa maelfu ya miaka na haina uchaguzi mwingi. Hupokea aina nyingi za Bradyrhizobium waliojaa katika udongo wetu, na ndiyo maana kunde zako zina vinundu bila kupakwa kitu. Mbaazi nayo tabia yake ni hiyo hiyo. Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na washirika wake hasa ni Bradyrhizobium japonicum na jamaa yake wa karibu Bradyrhizobium diazoefficiens, ambao kwa kawaida huwakuti katika shamba lisilowahi kupandwa soya iliyopakwa. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA huko Nigeria ilizalisha soya za mfululizo wa TGx kwa makusudi ya kukubaliana na rizobia wa Afrika, kwa hiyo jambo la kwanza ni kumuuliza aliyekuuzia mbegu ni aina gani. Kama si TGx, soya isiyo na kinundu si ajabu.

Vile vichache vyeupe je? Yawezekana rizobia wa kunde walitoa ishara inayokaribia ile ya soya, mlango ukafunguliwa, halafu wakashindwa na hatua zilizofuata. Kuna kizuizi kingine ambacho vitabu vya shule havikitaji. Flavonoidi ile ile iliyowasha jeni za nod huwasha pia, kwa njia ya protini TtsI, sindano ambayo bakteria hutumia kudunga protini zake ndani ya seli ya mmea. Kwa mwenyeji mmoja protini hizo husaidia kutuliza kinga. Kwa soya yenye jeni iitwayo Rj4, baadhi ya Bradyrhizobium wakidunga zao, soya inawatambua kama maadui na kukatiza ujenzi wa kinundu. Silaha ile ile inamfaa hapa na kumponza pale.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Bakteria anajua yumo ndani hasa kwa upungufu wa oksijeni.

Kimeng'enya kinachovunja nitrojeni ya hewa, nitrojenasi, huharibika kikiguswa na oksijeni. Lakini bakteria mwenyewe anaihitaji oksijeni apumue, kwani kuvunja molekuli moja ya nitrojeni hugharimu ATP, sarafu ya nishati ya seli, zisizopungua 16. Mmea unautatua mkinzano huo kwa legihimoglobini, protini nyekundu inayoishika oksijeni na kuifikisha kwa bakteria kidogo kidogo. Hiyo ndiyo rangi mliyoiona kwenye kunde. Maji yaliyokaa na hewa huwa na oksijeni kama mikromoli 250 kwa lita. Ndani ya kinundu ile iliyo huru hushuka hadi makumi ya nanomoli, yaani mara elfu kadhaa chini. Bakteria ana protini ya kupima jambo hilo, FixL, yenye himu kama ya damu yetu. Oksijeni ikikaa juu ya himu, FixL imezimika. Oksijeni ikiondoka, FixL inajibandika fosfati na kumpasia mwenzake FixJ, naye FixJ anawasha jeni za upumuaji wa hewa haba. Nyingine za kuvunja nitrojeni huwashwa na NifA, ambayo nayo haivumilii oksijeni. Udongoni penye hewa jeni hizi zimelala. Kwa hiyo legihimoglobini ikikosekana, kinundu kinabaki cheupe na bakteria wanabaki kula chakula cha mmea bila kulipa.

Chakula nacho ni ishara. Mmea hauwapi sukari moja kwa moja, unawapa malati na asidi za jamii yake. Jozi ya protini DctB na DctD inazinusa na kufungua njia ya kuziingiza. Wakati huo huo bakteria anazima njia yake ya kujitumilia amonia. Udongoni angeitumia yote kujikuza, lakini ndani ya kinundu anaiacha ivuje kwa mmea, na kunde na soya huisafirisha hadi majanini kama ureidi, kemikali zenye nitrojeni nyingi.

Katika njegere na luseni mmea unakwenda mbali zaidi, na hapa lazima niseme kwamba neno "ushirikiano" linaficha ukali mwingi. Mimea hiyo huwamiminia bakteria peptidi (protini fupi) ziitwazo NCR. Jamaa wa karibu wa luseni, Medicago truncatula, una jeni mia kadhaa za kuzitengeneza. Kazi yake ilionyeshwa mwaka 2010. Peptidi hizo huvuruga mfumo wa bakteria wa kuamua lini agawanyike, ukiwamo mdhibiti wake mkuu CtrA. Bakteria anaendelea kunakili DNA bila kugawanyika, mpaka nakala 24 katika seli moja. Anarefuka na kuvimba, na hawezi tena kurudi udongoni kuzaa. Asiye na protini BacA ya kumkinga na peptidi hizo hufa mara tu anapoachiliwa ndani ya seli.

Kunde, soya na maharage hayafanyi hivyo. Bakteria wake hubadilika kikazi, lakini kinundu kikioza wengi wanarudi udongoni wakiwa hai na wakiwa wameongezeka. Hivyo kila msimu wa kunde unaacha mbegu ya bakteria kwa msimu ujao, na ukiwa na haja ya kung'oa mabaki ya kunde, acha mizizi ardhini.

Soya hata hivyo ina ukaguzi wake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003, vinundu vya soya vilizungushiwa hewa ambayo nitrojeni yake imebadilishwa kwa gesi ya agoni, bakteria wakawa hawana cha kuvunja hata wakitaka. Mmea ukawapunguzia oksijeni, na wakazaliana kiasi cha nusu tu ya wenzao waliokuwa wakifanya kazi.

Mwisho kuna breki. Vinundu vya kwanza vikianza kujengwa, mzizi hupeleka peptidi za CLE hadi majanini, ambako kipokezi kiitwacho NARK kwenye soya huzipokea na kurudisha amri ya kupunguza vipya. Nitrati ya mbolea huchochea breki ya namna hiyo hiyo. Mmea wenye nitrojeni ya bure hauoni haja ya kufuga bakteria. Kama tuta la soya lilimwagiwa mbolea ya kuku nyingi na la kunde halikumwagiwa, una sababu nyingine ya kukosa vinundu, na unga wa bakteria hautakusaidia.

Kabla ya kuingia shambani, dokezo moja kwa ajili ya somo lako. Mivinje ya Haller Park pale Bamburi, ambayo René Haller alianza kuipanda mwaka 1971 kwenye machimbo makavu ya kiwanda cha saruji, nayo hupata nitrojeni kwa vinundu. Mshirika wake si rizobia bali Frankia, bakteria mwenye umbo la nyuzi, na kemikali anayotumia kubisha si ya muundo wa ishara ya Nod. Hata hivyo ndani ya mzizi wa mvinje habari inapita njia ya protini zile zile za mikunde, SymRK ikiwamo.

Sasa kazi. Usiing'oe miche kwa mkono, kwani vinundu hubaki ardhini nawe ukadhani havikuwepo. Chimba kwa uma sentimita 15 kuzunguka shina na 20 kwenda chini, loweka bonge zima kwenye ndoo mpaka udongo uachie wenyewe, ndipo usuuze. Chukua miche kumi kwa kila zao, mwanzoni mwa kutoa maua. Pasua vinundu kwa wembe papo hapo. Vya waridi hadi vyekundu vinafanya kazi. Vya kijani au kahawia vimezeeka. Vyeupe katika wiki ya tatu huenda ni vichanga, lakini katika wiki ya sita ni hitilafu.

Unga wa bakteria hununuliwa kwa zao. Pakiti ya maharage ina Rhizobium, haitaifaa soya hata uimwage yote. Soma tarehe ya mwisho, na uliza pakiti ilikuwa imehifadhiwa wapi. Iliyokaa dirishani mwa duka penye jua iache hapo hapo. Nyumbani iweke kwenye friji, si kwenye friza. Kipimo cha kawaida ni gramu 10 kwa kilo ya mbegu, ila kilichoandikwa kwenye pakiti ndicho utakachofuata. Unga mzuri una bakteria kama bilioni moja kwa gramu, na kilo ya soya ni mbegu kama 6,500, hivyo kila mbegu inapata zaidi ya milioni moja. Wengi watakufa kwa kukauka katika saa za mwanzo, na ndiyo sababu ya kuanza na wingi huo.

Futa kijiko kimoja cha chai cha sukari katika mililita 20 za maji kwa kila kilo, lowesha mbegu ndani ya beseni, nyunyiza unga na geuza taratibu mpaka kila mbegu iwe nyeusi. Ukizidisha maji maganda ya soya yanabambuka, na mbegu iliyobambuka ganda huota vibaya. Maji ya mfereji yana klorini, kwa hiyo yaache wazi usiku mzima kwanza. Ya kisima chenye chumvi usiyatumie kabisa, wala kwa kumwagilia wiki mbili za mwanzo kama una maji ya mvua. Chumvi huzuia vinyweleo kujikunja, na visima vingi vya huku vina ladha unayoijua. Mbegu iliyopakwa rangi ya waridi au kijani dukani kwa kawaida ina dawa ya kuvu. Dawa hiyo, hasa yenye shaba au thiramu, huwaua rizobia.

Anika kivulini robo saa na panda jioni ile ile, katika udongo wenye unyevu baada ya mvua za masika au vuli kushika, kina cha sentimita 3 hadi 4, na ufukie papo hapo. Mchanga mtupu wa hapa saa nane mchana hupita nyuzi 40 juu ya uso wake, joto ambalo rizobia wengi hawalivumilii. Matandazo ya nyasi kavu au makuti katikati ya mistari hulipunguza. Usipake mbegu za kesho. Mbegu iliyopakwa ikilala, ipake upya.

Kuhusu mbolea, mikunde inataka fosforasi kuliko kitu kingine, maana ATP zile zote zinatoka huko. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa TSP kwa ekari unatosha. DAP ya uzito huo huongeza kilo 9 za nitrojeni, kiasi cha kuanzia ambacho breki inakivumilia, lakini usiongeze mbolea za nitrojeni kama CAN au urea juu yake. Kama shamba liko juu ya mawe ya matumbawe, tatizo laweza kuwa chuma. Udongo wa chokaa hukishika, na bila chuma hakuna himu, hakuna legihimoglobini, hakuna nitrojenasi, hivyo vinundu vinakuwa vyeupe hata kwa bakteria sahihi. Tofautisha kwa majani. Ukosefu wa chuma huanzia majani machanga, manjano katikati ya mishipa iliyobaki kijani. Ukosefu wa nitrojeni huanzia majani ya chini na kufifisha jani zima. Mboji iliyoiva vizuri, toroli moja kwa tuta la mita kumi, husaidia kukifungua chuma bila kumwaga nitrati nyingi kama mbolea mbichi ya kuku.

Kabla ya kutumia pesa, wape wanafunzi makopo ya kilo mbili yaliyotobolewa chini, manne kwa kila kundi, yote yakiwa na udongo wa tuta la soya. Kundi la kwanza kunde, la pili soya tupu, la tatu soya iliyopakwa, la nne soya iliyopakwa na kunyweshwa CAN, gramu 2 kwa lita moja ya maji, mililita 200 kwa kopo siku ya 7 na ya 14. Kabla ya kupaka, osha mbegu zote kwa sehemu moja ya jiki na tatu za maji kwa dakika tatu, suuza mara tano, na panda zisizopakwa kwanza ili mikono isihamishe bakteria. Chimbua siku ya 35. Kundi la tatu likiwa na vinundu vyekundu na la pili likikosa, shamba lako lilikosa mshirika tu, nunua unga. La tatu likikosa pia, pima nitrati na chumvi kabla ya kulaumu pakiti. Likiwa na vyeupe, anza na chuma na fosforasi. Na la nne, hata kama mengine yote yamekwenda sawa, litakuwa na vinundu vichache na vidogo kuliko la tatu. Liweke mezani karibu na la tatu unapofika kwenye somo la breki.